Neno Lililorudishwa Kwao

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani, na wenyewe wanashikilia kwamba kosa ni la ramani. Ni nchi nzuri tu. Ina mto, ina milima, ina Mlezi wa Taifa aliyekalia kiti tangu wazee wa leo walipokuwa wakinyonya, na ina vita huko kaskazini. Vita hivyo hakuna anayekumbuka vilianzaje, ila kila mtu anajua vinakwenda vizuri, maana redio husema hivyo kila asubuhi kabla ya taarifa ya mvua.

Fahari kubwa ya nchi hiyo ni kwamba serikali yake haimlazimishi mtu. Kulazimisha ni ushenzi. Serikali huuliza. Ikitaka shamba lako, ng'ombe wako au wewe mwenyewe, humtuma mjumbe aliyevaa nguo safi, naye hukuuliza mara tatu mbele ya watu: "Unaridhia?" Ukijibu "La" hata mara moja katika hizo tatu, jambo limekwisha, mjumbe anashukuru na kwenda zake. Ukinyamaza, umeridhia. Mila hiyo ilitoka kwenye ndoa za kale, mwari alipoulizwa nyuma ya pazia kama anamtaka bwana fulani, naye kwa haya akakaa kimya, na watu wakapiga vigelegele. Waasisi wa taifa walikuwa watu wa adabu na waliokuwa wameoa sana. Wakaiona mila hiyo ni njema, wakaitia kwenye katiba.

Wageni wa mataifa walipokuja, Mlezi wa Taifa alipenda kuwaambia, huku akiwakatia nyama kwa mkono wake: "Kwenu watu wanapelekwa vitani. Kwetu wanaulizwa." Wageni waliandika maneno hayo na kuyapeleka makwao.

Taabu ilikuwa moja. Kila mwaka, Siku ya Kujitolea, vijana walipangwa safu uwanjani wakaulizwa kama wanaridhia kwenda kaskazini, na kila mmoja akasema "La" na kurudi kwao kula. Walikwenda wachache: wenye haya, wenye kigugumizi, na waliosinzia swali likiulizwa. Hao hawakurudi. Vilirudi viatu vyao, na Wizara ya Hiari ilivipiga rangi na kuvipanga dirishani, ili vijana wa mwaka unaofuata wajue mapema saizi zao.

Sasa katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja aliyeitwa Profesa Idarusi Kimweta, na yeye hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mtu wa neno moja. Wenzake katika Taasisi ya Maneno waligawana lugha nzima: huyu majina ya samaki, yule mimea, mwingine matusi, na huyo wa matusi ndiye aliyekuwa na ofisi yenye wageni wengi. Profesa alichagua *la*. Alilichagua kwa sababu ni fupi, akadhani atalimaliza kabla ya kuoa. Akaoa, akapata mtoto, ndevu zikaingia mvi, na neno lenyewe bado linamtoa jasho. Mkewe, Bi Rukia, aliwaambia majirani kwamba ameolewa uke wenza. "Na mke mwenzangu mwenyewe herufi mbili tu," alisema, "lakini kahawa ya nyumba hii anaimaliza yeye."

Mtoto wao wa pekee, Feruzi, alipiga tarumbeta katika bendi ya manispaa. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye mapafu ya ng'ombe dume, na wa umri ule ambao Wizara ya Hiari iliupenda mno. Kila mwaka aliulizwa, kila mwaka alisema "La", akarudi nyumbani na njaa. Profesa alimpenda mwanawe kuliko lugha zote, na kwa jambo hilo la kaskazini hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Neno lilikuwapo, kijana alikuwa na ulimi, basi hofu ya nini?

*

Siku moja Waziri wa Hiari alikuja mwenyewe nyumbani kwa Profesa. Mheshimiwa Bwanaheri Tumbwe alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Alipanguza viatu mlangoni kabla ya kuingia, akawaamkia hata kuku, na upole wake huo uliwatisha watu kuliko bunduki.

"Profesa," alisema baada ya kunywa chai, "Wiki ya Lugha inakaribia. Taifa limekaa na neno *la* miaka mingi na halijui limetoka wapi. Je, si aibu kuishi na jirani usiyemjua kwao? Tunakuomba uzungumze redioni. Useme yote."

Tangu Profesa aanze kazi, hakuna mtu aliyewahi kumwomba aseme yote. Watu walimwomba aseme kwa ufupi. Machozi yalimlengalenga.

Mgeni alipoondoka, Bi Rukia alikusanya vikombe kwa kelele. "Mume wangu, tangu lini waziri akatoka ofisini kuja kutafuta asili ya neno? Akufukuzaye hakwambii toka."

"Rukia, wewe unaiona siasa hata kwenye sukari. Huyu bwana ana kiu ya elimu."

"Ana kiu, hilo nakubali."

Profesa alizungumza siku hiyo kama hajawahi kuzungumza. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza, kwa kuwa redio zilikuwa na kituo kimoja. Alisema kwamba *la* ni kongwe kuliko kila kiti cha mfalme. Watu wa Babeli ya kale walikuwa nalo, wakalichora kwenye vigae vya udongo wakati ambapo karatasi haijaingia ndotoni mwa mtu. Waaramu walikuwa nalo. Waarabu wakalichukua kama unavyochukua jina la babu. Nalo likafika kwetu kwa sala na kwa biashara, na huenda biashara ilitangulia, maana mtu akitajiwa bei, kitu cha kwanza anachohitaji ni namna ya kukataa.

Kisha, kwa kuwa alikuwa na raha, akatembea mbali zaidi. Huko visiwa vya Hawaii, alisema, ukitamka *la* kwa kuivuta, umetaja jua, na umetaja siku pia. Kwa watu wa Vietnam, ukiishusha sauti, umesema "ni", kama vile mtu huyu ni mwema. Ukiipandisha, umetaja jani la mti. Wachina wakiishusha wanamaanisha ukali wa pilipili. Wafaransa huliweka mbele ya vitu wanavyovihesabu kuwa vya kike, na wakilitia alama juu yake linakuwa "kule". Wanamuziki nao wana *la* yao, sauti ya sita katika ngazi, iliyokatwa kwenye neno la Kilatini la midomo.

"Lakini msidanganyike, wasikilizaji," alisema. "Hizi hazina undugu. Midomo ya binadamu ni ileile, sauti ni chache, lazima wengine wagongane njiani. Ndugu za neno letu ni wale wa udongo na wale wa jangwa tu. Na la ajabu ni hili: katika safari hiyo yote, dola zimekuja na zimeondoka, mipaka imefutwa, miji imekuwa vumbi, na neno hili halikubadilika maana. Mtu aliyelichora kwenye kigae alikuwa anakataa vilevile ninavyokataa mimi nikipewa kahawa ya baridi."

Feruzi alimpokea mlangoni akimpigia tarumbeta. Jioni hiyo Wizara ilimletea Profesa kapu la tende kama shukrani, na kijikaratasi kilichosema kwamba zimetoka kulekule neno lilikotoka. Profesa alizila zote kwa furaha. Bi Rukia hakugusa hata moja.

*

Waziri alihutubia taifa mwisho wa wiki, na hotuba yake ilianza kwa kulia.

"Wananchi," alisema, "nimesikia yale mliyoyasikia nyote kutoka kwa msomi wetu, na sikulala. Kumbe! Miaka yote hii tumekaa na mgeni! Ametoka ng'ambo, ameingia kwa njia za biashara, na hadi leo hajajiandikisha popote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nawauliza, ndugu zangu: *La* imewahi kushika jembe? Kazi yake yeye ni kuikataa kazi! Na huyu si mgeni wa uso mmoja. Huko visiwani anajiita jua. Huko mashariki anajiita jani. Kwingine anajiita mwanamke. Mtu mwenye majina mengi namna hii mpakani mnamwitaje?"

Umati ulisema wanamwita mpelelezi. Profesa, aliyekuwa amekaa safu ya wageni wa heshima, alinyanyua mkono kusahihisha ile sehemu ya undugu, na mpiga picha akampiga picha akionekana anaunga mkono.

Serikali haikulipiga marufuku neno. Kupiga marufuku ni ushenzi. Ililirudisha kwao kwa heshima. Liliandikwa kwenye kibao cha mninga, likawekwa katika sanduku pamoja na sabuni na mswaki, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu, na msafara ukalisindikiza hadi kituo cha mpakani huku bendi ikipiga. Balozi za nchi zilizotajwa redioni ziliombwa zilipokee. Kila moja ilijibu kwamba inalo lake. Basi sanduku likabaki kituoni, likilindwa na askari aliyebadilishwa mara kwa mara, maana ilisemekana kwamba mtu akikaa nalo sana anaanza kuwa mbishi.

Kuanzia hapo, mtu aliyekutwa na neno hilo mdomoni alishtakiwa kwa kumhifadhi mgeni asiye na kibali. Alipelekwa Nyumba ya Utulivu, jengo refu jeupe kilimani, ambalo hakuna sauti iliyowahi kusikika ikitoka ndani yake. Wizara ilitaja kimya hicho kama ushahidi kwamba waliomo wameridhika.

Haki lazima itendeke kwa kila neno, kwa hiyo ziliundwa kanuni. Ile *la* ya "jeshi la" na "shamba la" ilichunguzwa, ikaonekana ni mzaliwa, ina nduguze *wa*, *ya* na *cha*, ikaachwa huru. Ila watu waoga waliiruka hata hiyo, wakawa wanasema "jeshi" kisha wanakohoa. Ile ya kula haikuguswa kabisa. Mawaziri walithibitisha kwa kauli moja kwamba ni ya asili na wanaitumia kila siku. Sauti ya sita ya muziki ndiyo iliyoponzwa na mazungumzo ya Profesa. Ilifutwa, na wimbo wa taifa ukawa unachechemea kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Baba," Feruzi alisema baada ya mazoezi, akiweka tarumbeta mezani, "nikifika mahali pale natakiwa nifumbe mdomo nihesabu. Bendi nzima tunafumba. Unajua inavyotisha, watu wote wale kunyamaza kwa pamoja?"

Profesa alimwambia ni jambo la kupita. Alisema hivyo akiangalia dirishani.

*

Watu hawakukosa akili. Walianza kutafuta maneno mengine ya kukatalia, na Kamati ya Maana Halisi ikakaa kuyapima moja moja. *Hapana*, ilisema Kamati, ni taarifa ya mahali tu: mtu anaarifu kwamba hapa hapana kitu. *Sitaki* ni taarifa ya hali ya moyo, na serikali haiingilii mambo ya moyo. *Siyo* ni ubishi wa kitaaluma. *Ng'o* ni ng'ombe aliyekatizwa, na kijana aliyelitamka akashtakiwa kwa ukatili kwa wanyama. Waliotikisa kichwa walipelekwa hospitali kutibiwa shingo.

Nje ya Taasisi ya Maneno kulikuwa na mjane akiuza vitumbua, Bi Mize Shomvi, ambaye Profesa alikuwa mteja wake tangu ujana. Wajumbe wa nguo safi walimjia asubuhi moja, wakamuuliza kama anaridhia kuiachia serikali pale anapouzia. Profesa alikuwapo, kitumbua mkononi.

"La!" alisema Bi Mize, akisimama na upawa wake. "La, na tena la! Mume kafa, mwana mmemchukua nyie akiwa na kigugumizi chake, sasa mnataka na kikaango? La!"

Wajumbe walimshukuru kwa adabu. Wakamshika mikono, wakamwingiza garini, na mafuta yake yalibaki yanachemka peke yake. Profesa hakujua afanye nini, akala kitumbua. Baada ya siku chache wajumbe walikwenda nyumbani kwa Bi Mize, wakaiuliza nyumba mara tatu kama inaridhia. Nyumba haikujibu, ikachukuliwa. Kisha, kwa kuwa njia ilikuwa imefunguka, waliuliza makaburi yaliyokuwa kando ya uwanja wa Kujitolea kama marehemu wanaridhia uwanja upanuliwe. Hakuna marehemu aliyepinga.

Siku ile ya makaburi ndipo Profesa alipoogopa kweli. Hadi hapo alikuwa amekasirika kama msomi anayenukuliwa vibaya. Sasa alihesabu miezi iliyobaki hadi Siku ya Kujitolea, akamwona Feruzi safuni, amefumba mdomo. Hakulala. Asubuhi alivaa koti lake la mahafali na kwenda Wizarani.

"Mheshimiwa," alimwambia Waziri, "nimekuja kusahihisha. Nilisema neno lilitoka mbali, sikusema si letu. Kilichokaa kwako zaidi ya miaka elfu, kikazaa methali na ugomvi wa ndoa, ni chako. Mwambieni Mlezi wa Taifa—"

"Profesa," alisema Waziri kwa upole, "sisi ni wasikilizaji tu. Aliyesema ni wewe. Kila hukumu ya Nyumba ya Utulivu inaanza kwa jina lako, hujui? 'Kwa mujibu wa Profesa Idarusi Kimweta.' Mlezi wa Taifa amefurahi sana, na ameona ni dhuluma uendelee kukaa ofisi isiyo na feni. Amekuteua Muulizaji Mkuu. Wewe ndiye utakayewauliza vijana mwaka huu." Akasimama, akafunga vifungo vya koti, na karani wake akasimama pia, kwa kuwa mila inataka shahidi. "Unaridhia?"

Profesa alipigwa na butwaa. Aliliona neno. Lilikuwa palepale nyuma ya meno, na miguu yake ingeweza kubeba mwili wake hadi Nyumba ya Utulivu, si mbali. Lakini alimwona Bi Mize akiingizwa garini.

"Unaridhia?"

Akaanza kupanga hoja. Angelitanguliza shukrani, kisha afya yake, kisha umri, kisha angegusia kwa mbali kwamba—

"Unaridhia?"

Hoja ilikuwa bado kwenye utangulizi. Karani alipiga makofi, na Waziri akamkumbatia Muulizaji Mkuu.

*

Bi Rukia alipoliona joho jekundu la Muulizaji Mkuu alikaa chini sakafuni. "Nikinyamaza utasema nimeridhia," alisema. "Basi nasema, na majirani wasikie. Sijaridhia. Sijaridhia wewe kuvaa hicho, na sijaridhia mwanangu aulizwe na mdomo uliomuimbia bembelezo."

"Nimfiche?" aliuliza Profesa.

"Umfiche wapi?" alijibu Feruzi. "Aliyejificha ameulizwa akanyamaza. Nyumba ya Bi Mize ilijificha?" Alijaribu kucheka na kicheko hakikufika. "Nitasema, baba. Nitalisema tu, wanipeleke kilimani. Viatu nimeviona dirishani. Jozi yangu ipo."

"Usiseme!" Profesa alimshika mabega. Kijana huyo mrefu alikuwa anatetemeka, na baba hakuwahi kuuhisi mwili wa mwanawe ukitetemeka tangu alipougua surua. "Usiseme kitu. Nisikilize. Mila inasema mara tatu. Maswali mawili si kitu mbele ya katiba, ni salamu tu. Na anayeuliza ni mimi. Nitakuuliza mara mbili, na ya tatu siulizi. Hata wanikate kichwa, siulizi. Utatoka pale na mama yako, mje kula."

Bi Rukia alimgeukia mumewe. "Waziri akikuuliza kwa nini umenyamaza?"

"Nitamjibu."

"Utamjibu nini, Idarusi?"

"Nitamjibu neno lenyewe. Nimelisoma maisha yangu yote, Rukia. Nani wa kulisema kama si mimi?"

Aliamini. Hilo ni lazima nilieleze ili nimtendee haki. Wiki zile alikuwa akijifungia chumbani na kulitamka ndani ya shuka, taratibu, kwa lafudhi ya Babeli, kwa lafudhi ya Waaramu, kwa lafudhi ya mama yake mzazi, na kila mara lilitoka zima. Akatoka shukani akiwa mwanamume mwingine kabisa.

*

Siku ya Kujitolea kulikuwa na jua kali na bendera nyingi. Uwanja mpya ulikuwa mpana, na ardhi yake bado ilikuwa laini pale yalipokuwa makaburi, kiasi kwamba miguu ya vijana ilizama kidogo. Waziri alisimama nyuma ya Muulizaji Mkuu akimshikia mwavuli kwa mkono wake mwenyewe.

Profesa alimuuliza kijana wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Watoto wa watu walikuja mmoja mmoja, wamefumba midomo hadi imekuwa myeupe, wakaulizwa, wakavuka upande wa malori. Mmoja alisema "hapana" na karani wa Waziri akaandika kwamba hapo hapakuwa na kitu. Mwingine aliomba maji. Profesa aliwauliza wote mara tatu bila kukosea. Alijiambia kwamba hao hawezi kuwaokoa, kwamba sauti yake anaitunza kwa ajili ya mmoja, na hata muungwana angemwelewa. Mama zao walikuwa nyuma ya kamba, hawalii, kwa kuwa kulia kulikuwa bado hakujapimwa na Kamati.

Feruzi akafika mbele. Alikuwa ameacha tarumbeta kwa mwenzake. Nyuma ya kamba Bi Rukia alisimama peke yake, wanawake wengine wakiwa wamempisha kidogo, kama mtu anavyopisha msiba.

"Feruzi Idarusi Kimweta," alisema Profesa, na akashangaa jinsi sauti ilivyo imara. "Unaridhia?"

Kijana alinyamaza, kama walivyopatana.

"Unaridhia?"

Kimya. Sasa ilikuwa zamu ya kimya cha Profesa, na alikifanya. Alifumba mdomo, akatazama miguu ya mwanawe iliyozama katika udongo laini, na hakuuliza. Uwanja ulisubiri. Mahali fulani bendera ilipigapiga. Umati ulianza kuelewa, na kitu kama pumzi kilipita ndani yake kutoka mwisho hadi mwisho. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa tayari lorini alishika kamba kwa mikono miwili.

Waziri hakukasirika. Aliufunga mwavuli, akazunguka akaja mbele, akafunga vifungo vya koti.

"Muulizaji Mkuu," alisema kwa sauti ya kusikika, "taifa linakuomba uendelee. Unaridhia?"

Profesa alifungua mdomo. Wajumbe wawili wa nguo safi walisogea karibu, mikono nyuma, wakimtazama mdomoni kwa heshima. Kilima kilionekana vizuri kutoka pale uwanjani, na lile jengo jeupe juu yake.

"Unaridhia?" alisema Waziri.

Alikuwa nalo. Alikuwa nalo la udongo na la jangwa na la mama yake. Ulimi ulipanda ukagusa mahali pake, na ukakaa hapo. Jasho lilimtoka hadi kwenye joho. Hakuna hoja aliyopanga safari hii, hakuna utangulizi. Palikuwa na neno tu na woga, na woga ulikuwa mkubwa.

Waziri alivuta pumzi kwa ajili ya ile ya tatu, lakini Feruzi alimtangulia. Mila haikatazi, yeyote aweza kumuuliza yeyote. Kijana alimkaribia baba yake, akainama kidogo ili macho yao yalingane, na akauliza kwa sauti ya kumsaidia, kama mtu anayemwekea mzee mkono kwenye ngazi:

"Unaridhia, baba?"

Kila aliyekuwapo alisubiri. Hata Waziri, nasikia, alisubiri kwa hamu ya kweli.

Profesa Idarusi Kimweta, bingwa wa neno *la* katika lugha za kale na za sasa, alimtazama mwanawe usoni, na alinyamaza. Kimya hicho kilikaa hadi kikatosha kisheria, na karani akapiga makofi.

Feruzi alisimama wima tena. Hakuonyesha hasira. Alimpangusa baba yake jasho shavuni kwa kiganja, akageuka kumtafuta mama yake nyuma ya kamba, akampungia mkono, na akarudi kusimama mahali pake.

"Imebaki moja, baba," alisema. "Uliza."

Profesa akauliza. Waliokuwapo wanasema aliuliza vizuri sana, kwa matamshi safi, na alisikika hadi safu ya nyuma.